Mtoto wa mbwa kafa kwa kuharisha damu: nilete mwingine lini?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Naandika kutoka Isyesye, Mbeya. Mwezi uliopita tulinunua mtoto wa mbwa aina ya German Shepherd, wa miezi miwili. Muuzaji alisema ameshachanjwa, na kadi akatupa. Baada ya wiki moja na siku kidogo aligoma kula, akaanza kutapika povu la njano, kesho yake akaharisha damu yenye harufu ambayo sijawahi kukutana nayo. Jirani alitushauri tumpe maziwa na Flagyl ya kusaga. Siku ya tatu akafa. Mume wangu anaamini kuna mtu kamlisha sumu. Tuna mbwa mwingine mkubwa, wa kienyeji, wa miaka minne, ambaye huchomwa sindano kila mwaka na yeye yuko mzima kabisa. Sasa shangazi yangu wa Tukuyu ana watoto wa mbwa wa wiki sita, ameniahidi mmoja, na wanangu wanataka aje Jumamosi hii hii. Nimchukue? Na je, ugonjwa huo unaweza kuwapata wanangu?

JIBU: Pole sana, mama, wewe na watoto. Nianze na Jumamosi kwa sababu ndiyo iliyo karibu: usimlete. Mpigie shangazi leo, mshukuru, mwambie umemkubali yule mtoto ila abaki kwake kwanza. Ukimleta wiki hii kwenye ua ule ule, akiwa na wiki sita na bila chanjo hata moja, unamleta aje kuugua kilichomuua mwenzake.

Kwa maelezo yako, nina karibu uhakika kwamba mbwa wako alikufa kwa parvo, ugonjwa wa kirusi unaoharibu utumbo wa mbwa. Umri wake, kugoma kula kabla ya kutapika, kutapika kabla ya kuharisha, damu, ile harufu inayobaki puani hata ukishafagia, na kifo ndani ya siku tatu: vyote vinaelekea huko. Anayeathirika zaidi ni mbwa wa kati ya wiki sita na miezi sita, na German Shepherd ni miongoni mwa mbegu ambazo parvo huzipiga vibaya kuliko nyingine, pamoja na Rottweiler na Doberman. Uthibitisho kamili ungetokana na kipimo cha kinyesi. Kuna kipimo kidogo cha haraka kinachotoa jibu ndani ya dakika kama kumi hapo hapo kliniki. Minyoo ya safura nayo huleta kinyesi chenye damu, ila mara nyingi huanza kwa mbwa kudhoofika taratibu na ufizi kuwa mweupe.

Kuhusu sumu, mwambie baba asiwatazame majirani kwa jicho hilo. Sumu zinazotumika sana huku kwetu ni dawa za kunyunyizia mazao na dawa za kuogeshea mifugo, na zile hazichukui siku tatu. Mbwa aliyekula sumu ya namna hiyo hutetemeka, hutokwa mate mengi, misuli hukakamaa, na yote hutokea ndani ya muda mfupi tangu alipokula. Sumu ya panya ya kuzuia damu isigande huchelewa siku kadhaa, lakini hapo utaona damu puani, kwenye ufizi au chini ya ngozi, na mnyama anaishiwa nguvu na kuhema kwa shida. Siyo picha uliyoieleza.

Tena zihesabu zile siku. Kirusi cha parvo kikishaingia mwilini, dalili huonekana baada ya siku tatu hadi saba kwa kawaida, na huweza kufika hata wiki mbili. Wako aliugua baada ya wiki moja na siku kidogo. Kwa hiyo ama alikuja nacho kutoka kwa muuzaji, ama alikikuta hapo nyumbani siku za mwanzo. Vyote viwili vinawezekana, na kwako wewe hitimisho ni lile lile: sasa hivi kimo uani kwako.

Sasa tuje kwenye neno “ameshachanjwa”, maana hapo ndipo watu wengi wa mkoa huu wanapopotezea mbwa wao.

Sindano anayochomwa kila mwaka yule mkubwa, kama ni ile ya kampeni za halmashauri, ni ya kichaa cha mbwa. Ni sindano muhimu mno na usiache hata mwaka mmoja. Lakini ile haikingi parvo hata kidogo. Chanjo ya parvo iko kwenye chupa nyingine, ambayo kwa kawaida imeunganishwa na ya distempa, ya homa ya ini ya mbwa na mara nyingi ya leptospira. Kwenye kadi utaona herufi kama DHPPi au DHLPP. Ile P ya parvo ndiyo unayoitafuta. Mwenye mbwa akisikia “chanjo” hudhani ni moja, muuzaji naye akisema “kachanjwa” pengine anamaanisha kapewa dawa ya minyoo. Kadi nyingi ninazoletewa zina maandishi ya kalamu tu, “chanjo” na tarehe, bila jina la dawa.

Itoe kadi ile uiangalie. Chanjo ya kweli huacha alama. Chupa yake ndogo ina stika inayobanduka, yenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Daktari huibandua na kuibandika kwenye kadi, kisha huweka tarehe, sahihi na mhuri. Ukiwepo wakati wa kuchanja, utaona chupa mbili: moja ina kidonge kikavu cheupe kilichoganda chini, nyingine ina maji yake. Huchanganywa mbele yako na kuchomwa papo hapo, maana ikishachanganywa haikai. Na kabla ya hapo itoke kwenye friji. Chanjo hizi nyingi hutufikia kwa basi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, na zinatakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 njia nzima. Usione aibu kuuliza zilisafirishwaje na zinahifadhiwa wapi. Daktari anayejali kazi yake atafurahi kukufungulia friji.

Hata kama stika ipo na chanjo ilikuwa ya kweli, sindano moja katika umri wa miezi miwili haitoshi. Naomba hapa tuelewane vizuri, kwa sababu ndipo uamuzi wako kuhusu yule wa Tukuyu unapotokea.

Mtoto wa mbwa akinyonya dang'a siku ya kwanza, anapokea kingamwili za mama yake. Zile zinamlinda, lakini hazidumu. Hupungua kwa nusu kila baada ya siku kama kumi. Zikiwa bado nyingi, chanjo ukiichoma haishiki, kwa kuwa kingamwili za mama huiua kama zinavyoua kirusi chenyewe. Zikipungua huja kipindi kibaya: zimebaki chache kiasi kwamba kirusi cha uani kinapenya, ila bado zinatosha kuizuia chanjo isifanye kazi. Kipindi hicho huweza kuchukua wiki moja, mbili au zaidi, na kila mtoto ana wakati wake. Wanaozaliwa tumbo moja hutofautiana, kwa kuwa kuna aliyenyonya sana na aliyesukumwa pembeni. Kwa kumtazama tu huwezi kujua yuko wapi. Ndiyo maana tunarudia: ya kwanza kati ya wiki ya sita na ya nane, halafu kila baada ya wiki mbili hadi nne, mpaka afikishe wiki 16. Kama unaweza kubana matumizi, bana pengine; hii ya wiki ya 16 usiikose kabisa, maana kwa watoto wengi ndiyo inayoshika. Kisha kuna ya kurudia akikaribia mwaka mmoja.

Mbwa wako wa kwanza, hata tukikubali kwamba alichanjwa, alikuwa katikati ya safari hiyo. Hukukosea kumwamini mtu aliyekupa kadi. Hukuelezwa tu kwamba kadi ile ilikuwa mwanzo.

Nakuja kwenye ua wako. Kirusi hiki kilijulikana mwaka 1978, na ndani ya miaka miwili hivi kilikuwa kimeenea duniani, kwa sababu kina ugumu ambao virusi vingi havina. Hakina lile ganda la mafuta ambalo sabuni hulivunja. Sabuni ya kawaida hukiondoa kwa kukisogeza tu, haikiui. Dettol haikiui. Spiriti haikiui. Ndani ya nyumba hukaa mwezi mmoja au miwili. Nje, kwenye udongo wenye kivuli na unyevu, hukaa miezi mingi na huweza kuvuka mwaka. Kinachokichosha ni jua kali na ukavu, na sisi wa nyanda za juu tunajua namna ardhi yetu inavyokaa: mvua tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili na Mei, kisha baridi ya Juni na Julai. Chini ya michongoma na nyuma ya banda, pale jua lisipofika, hesabu kwamba kipo kwa mwaka mzima tangu mbwa alipokufa.

Kinachokiua ni klorini, na dukani unayo: JIK. Soma lebo. Kama imeandikwa asilimia 3.5, mimina nusu lita kwenye ndoo ya maji ya lita 10. Lakini usimwage juu ya uchafu, klorini inaishia kwenye uchafu na kirusi kinabaki. Kwanza ondoa kinyesi chote na tabaka la juu la udongo mahali alipoharishia, uzike mbali na njia za watu na mbwa. Magunia na matambara aliyolalia yachome. Sugua sakafu ya banda, ngazi na sufuria yake ya chakula kwa sabuni, suuza, ndipo upake maji ya JIK na kuyaacha yalowanishe kwa dakika kumi au zaidi kabla ya kusuuza tena. Vaa glavu, fungua madirisha, weka watoto mbali, na usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo, maana hutoa hewa ya sumu. Changanya mpya kila siku. Ya jana imeshapoteza nguvu. Kwenye udongo mtupu JIK haisaidii sana. Huko kata matawi jua liingie, na ukiweza weka zege au kokoto eneo la banda. Banda la mbao chakavu lenye nyufa mimi ningelichoma nikajenga jingine.

Yule mkubwa mpeleke kliniki. Mbwa wa miaka minne aliyekulia mitaani mara nyingi amekutana na parvo utotoni akapona, ndiyo maana yuko mzima. Hata hivyo huweza kubeba kirusi miguuni na kwenye manyoya, au kukitoa kwenye kinyesi bila kuumwa. Muogeshe, achanjwe hiyo ya herufi P, na daktari atakuambia kama arudie baada ya wiki chache. Viatu vyenu vilevile hubeba. Ndiyo njia kuu ambayo ugonjwa huingia nyumba zenye geti lisilofunguliwa kwa mbwa yeyote.

Watoto wako hawatapata parvo ya mbwa. Watu wana parvo yao, ni kirusi kingine. Mbuzi na kuku nao usiwahofie. Kinachonihofisha kwa watoto wanaocheza na mbwa mdogo ni minyoo yake, hasa minyoo mviringo na safura, ambayo mayai na viluwiluwi vyake hukaa kwenye mchanga wanaochezea. Mtoto wa mbwa apewe dawa ya minyoo tangu wiki ya pili ya maisha, arudie kila baada ya wiki mbili mpaka wiki ya nane hivi, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Muulize shangazi kama ameanza. Na kichaa cha mbwa hakina mzaha: mbwa yeyote akimng'ata mtoto, hata mdogo, hata wa nyumbani, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba.

Sasa mpango wa yule wa Tukuyu. Ana wiki sita, kwa hiyo sindano ya kwanza ianze wiki hii au mbili zijazo, kule kule. Shangazi amwone daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata, aulize kama chanjo ya parvo ipo au iagizwe. Mara nyingi huagizwa kwa idadi, hivyo awashawishi wengine waliochukua ndugu zake wachange pamoja. Nauli ya boksi la barafu ni ile ile kwa chupa moja na kwa chupa sita. Gharama ubebe wewe, maana mbwa ni wako. Arudie kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka ile ya wiki ya 16, na ile ya kichaa ichomwe akitimiza miezi mitatu. Wiki mbili baada ya sindano ya wiki ya 16, njoo naye nyumbani. Ni kama miezi mitatu tangu sasa.

Najua miezi mitatu ni mingi kwa mtoto anayelia. Tena ina gharama yake ambayo nisipoitaja nitakuwa sikukutendea haki: mbwa hujifunza watu, sauti na mambo ya dunia kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi, na anayekaa peke yake bandani wakati huo hukua mwoga au mkali. Kwa nyumba ambayo haijawahi kuwa na parvo mimi huruhusu mtoto aje akiwa na wiki nane, abebwe mikononi, aonyeshwe watu. Kwako siwezi. Kwa hiyo mwombe shangazi asimfungie. Ashikwe kila siku na watu tofauti, azoee ufagio, redio, bodaboda ikipita, wageni wakibisha hodi. Aguswe masikio, afunguliwe mdomo, ashikwe kucha. Dakika chache kila siku zinatosha, na utapokea mbwa mwenye chanjo na tabia kwa pamoja. Ikiwa shangazi hawezi kukaa naye muda wote huo, tafuta ndugu ambaye nyumbani kwake hakujafa mtoto wa mbwa mwaka huu, au chukua mbwa aliyekwisha kuvuka mwaka mmoja na mwenye kadi kamili. Watoto humpenda mbwa mkubwa vilevile.

Mwisho, kuhusu yale maziwa na Flagyl. Hamkumuua nyie. Flagyl ni dawa ya bakteria na vijidudu vingine, haigusi kirusi, na maziwa huongeza kuharisha, lakini parvo ilikuwa tayari imeshika. Kirusi hiki huua seli zinazozaliana haraka: ukuta wa utumbo mdogo, na uboho unaotengeneza seli nyeupe. Utumbo ukichubuka, maji hupotea na bakteria huvuka kuingia kwenye damu wakati askari wa mwili wameisha. Kinachoua ni ukosefu wa maji, sukari kushuka na sumu ya bakteria hao, na vyote hivyo tunaweza kuvipigania kwa dripu ya mshipani, dawa ya kuzuia kutapika, antibiotiki ya sindano, joto, na chakula laini kidogo kidogo mapema iwezekanavyo. Bila matibabu wengi hufa. Kliniki yenye vifaa na mgonjwa akiwahi, wengi hupona, na aliyepona hupata kinga ya muda mrefu.

Kwa hiyo siku mbwa mdogo yeyote akikataa chakula na kutapika mara mbili, usisubiri damu. Mwinue mdomo, bonyeza ufizi kwa kidole uachie: unatakiwa kurudi rangi ya waridi ndani ya sekunde mbili. Ukichelewa, au ukiwa mkavu na wa kunata, ameshaishiwa maji. Mfunge kwenye blanketi pamoja na chupa ya maji ya moto iliyoviringishiwa kitambaa, maana baridi ya Mbeya humaliza mtoto wa mbwa upesi. Usimmiminie kitu kwa nguvu mdomoni, kitaingia mapafuni. Usimpe panado wala diklofenaki; zinaharibu ini, figo na tumbo. Yai bichi, mafuta, kitunguu swaumu, achana navyo. Piga simu kliniki kabla ya kufika, useme “nahofia parvo”, na umwache kwenye boksi nje mpaka uitwe, ili asiambukize watoto wa wenzako waliokuja kuchanjwa.

Wanao wakienda Tukuyu kumwona mbwa wao, na waende, wavae nguo zilizofuliwa na viatu ambavyo havijakanyaga uani kwenu. Kama hawana jozi nyingine, loweka soli za hizo walizonazo kwenye maji ya JIK kwa dakika kumi, zisuuze na kuzianika juani, siku moja kabla ya safari.